Mgogoro wa Shamba Rongo: Ulipie Karatasi Ipi, Uende Ofisi Ipi?

Rongo ya leo haina tena bei za ardhi za zamani. Chuo Kikuu cha Rongo, kilichopewa mkataba wa kuwa chuo kamili mwaka 2016, kimeleta hosteli na maduka mahali palipokuwa na miwa na mahindi. Kitere na Kamwango watu wanachimba dhahabu. Ekari ambayo mzee alimwachia rafiki yake alime bila karatasi yoyote sasa inadaiwa na watu watatu, na kila mmoja ana ushahidi wake: huyu ana hatimiliki, yule ana makaburi ya wazazi wake, na wa tatu ana mkataba wa mauzo ulioandikwa kwa mkono na kugongwa muhuri wa chifu.

Mambo yakifika hapo, wengi huuza ng'ombe na kumtafuta wakili. Wakili anahitajika katika kesi nyingi, lakini kumlipa kabla hujajua unachogombania ndiko kunakokausha mifuko. Kuna kesi zinazotupwa nje kwa sababu zilipaswa kuanzia kwa msajili wa ardhi. Kuna watu wanaolipia upimaji upya wa shamba ilhali ugomvi wao ni wa jina, na wengine wanaohangaika na sachi moja baada ya nyingine ilhali shida ni ua uliosogezwa hatua nne. Makala hii inalinganisha karatasi na ofisi hizo: inachothibitisha kila moja, isichothibitisha, na inavyokugharimu pesa na muda.

Maswali matatu, gharama tatu

Kila mgogoro wa shamba huangukia katika swali moja kati ya matatu, au zaidi ya moja. La kwanza: je, shamba linaloandikwa kwenye karatasi ndilo hili tulilosimama juu yake, na linaishia wapi? La pili: nani ameandikwa leo kuwa mwenyewe? La tatu: huyo aliyeandikwa alilipata kwa njia gani?

Majirani zetu wa Awendo walijifunza kwa machungu kwamba kujibu swali la kwanza si kujibu la tatu. Miaka ya 1970 serikali ilichukua ardhi ya familia za huko kwa lazima ili kuanzisha Kampuni ya Sukari ya Nyanza Kusini. Sehemu ya ardhi haikutumiwa na kiwanda, ikaishia mikononi mwa Baraza la Mji wa Awendo. Familia zilikwenda mahakamani zikidai kwamba kilichobaki kirudishwe kwao kwanza. Zilishinda Mahakama Kuu, zikashinda tena Mahakama ya Rufaa. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikabatilisha ushindi huo: kwa sheria iliyokuwapo wakati huo, ardhi iliyochukuliwa kihalali na kulipiwa fidia haikumwachia mwenyewe wa zamani haki ya kuidai kwanza. Familia zilijua fika mashamba yao ya zamani yalikuwa wapi. Ujuzi huo haukuwarudishia umiliki.

Basi jiulize kwanza swali lako ni lipi, ndipo ufungue mfuko.

Sachi rasmi: nafuu, haraka, fupi

Sachi ndiyo bidhaa ya bei ya chini kuliko zote. Kwa miaka mingi ada yake ilikuwa shilingi 500. Viwango hubadilishwa kwa kanuni, kwa hiyo tazama kiasi cha siku hiyo kwenye eCitizen na ulipie huko huko, maana risiti ya eCitizen ndiyo ulinzi wako dhidi ya dalali anayekuambia “nitumie kitu kidogo nikusaidie”.

Unachohitaji ni nambari kamili ya shamba: sehemu ya usajili, kisha nambari yenyewe, kwa mfano Kamagambo/Kabuoro halafu tarakimu. Nambari peke yake haitoshi, kwa sababu shamba nambari 500 lipo katika sehemu nyingi za usajili. Mwenye shamba upande wa Ndhiwa au Rangwe atatafuta katika masijala ya upande wa Homa Bay; wa Kamagambo au Kanyamkago upande wa Migori.

Sachi inakuambia nani ameandikwa leo, ukubwa wa shamba, na kama kuna rehani, zuio au amri ya mahakama. Haikuambii shamba liko wapi ardhini, wala nani alikuwa mwenyewe kabla ya huyu, wala uhamisho ulipitaje. Ukinunua ploti kwa kutegemea sachi peke yake, umejibu swali la pili na kuacha mawili wazi. Pia ina umri mfupi. Sachi ya mwezi uliopita haikuonyeshi zuio lililowekwa jana. Chukua moja kabla ya kuandikiana, na nyingine kabla ya kulipa sehemu ya mwisho.

Kadi ya kijani: mahali historia inapokaa

Nakala iliyothibitishwa ya kadi ya kijani ndiyo karatasi yenye thamani kubwa kuliko bei yake katika mgogoro wa umiliki. Ni daftari lenyewe la shamba, linalotunzwa na msajili, na hatimiliki iliyo kwenye kabati lako ni dondoo lake tu.

Kadi ina sehemu tatu. Sehemu A inaeleza shamba: sehemu ya usajili, nambari, ukubwa kwa hekta, na nambari ya karatasi ya ramani. Sehemu B ni orodha ya wamiliki, mstari baada ya mstari, kila mmoja na tarehe yake, jina na sahihi ya msajili. Sehemu C ni ya mizigo: rehani, mazuio, makatazo.

Soma Sehemu B kuanzia juu. Tuseme mstari wa kwanza ni jina la mzee mwaka 1978, na mstari wa tatu ni jina la mtu msiyemjua mwaka 2014, ilhali mzee alizikwa 2003 na familia haijawahi kwenda mahakamani kwa ajili ya mirathi. Hapo hapo una swali ambalo mwenye hati lazima alijibu: nani alitia sahihi fomu ya uhamisho? Omba faili ya shamba. Ndani yake panapaswa kuwa na fomu hiyo, kibali cha bodi ya ardhi, na risiti ya ushuru wa stempu. Zikikosekana, umepata zaidi ya nusu ya kesi yako. Msajili anaweza kukuuliza una maslahi gani katika shamba kabla ya kukupa nakala, kwa hiyo nenda na kitambulisho, cheti cha kifo cha mzee ikiwa kipo, na barua ya chifu.

Angalia pia kama kadi imefungwa. Shamba likigawanywa kwa fomu ya mutesheni, nambari mama hufungwa na nambari mpya huzaliwa. Mwenye hati ya zamani anaweza kuendelea kuionyesha kwa wanunuzi miaka mingi, nayo ikawa karatasi tupu.

Je, hatimiliki si mwisho wa maneno? Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inasema aliyeandikwa ni mmiliki, lakini hati yake inaweza kupingwa ikiwa ilipatikana kwa ulaghai aliohusika nao, au kinyume cha sheria na taratibu, au kwa hila ya ufisadi. Mahakama ya Rufaa ilisema mwaka 2013 kwamba chimbuko la hati likishatiliwa shaka, mwenyewe hawezi kuipunga hewani tu; lazima aeleze alivyoipata. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikaenda mbele zaidi katika kesi ya kampuni ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa: kampuni ilikuwa imenunua ploti ya ufuoni na ina hati mkononi, ikaipoteza kwa sababu ugawaji wa kwanza kabisa haukufuata sheria. Kununua kwa nia njema hakukuiokoa. Funzo kwa mnunuzi wa Rongo ni moja: gharama ya kusoma kadi kuanzia mstari wa kwanza ni ndogo kuliko gharama ya kutoisoma.

Ramani na mpima: swali la ardhini

Sehemu kubwa ya mashamba ya Nyanza Kusini iliandikishwa chini ya Sheria ya Uamuzi wa Haki za Ardhi ya 1968, na mipaka yake ni ya jumla. Maana yake ni kwamba ramani ya masijala huonyesha umbo la shamba na majirani zake, lakini haidai kwamba mstari umepita hapa kwa sentimita. Ndiyo maana hati yako imeandikwa ukubwa wa kukadiria. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni takriban hekta 0.046; ukikuta hati yake imeandikwa 0.05 au 0.04, usikimbilie kusema umeibiwa.

Nakala ya ramani ya masijala hupatikana katika ofisi ya upimaji ya kaunti au makao makuu ya Upimaji, Ruaraka, Nairobi, kwa ada ndogo. Nunua hiyo kwanza. Itakuonyesha kama shamba lako linapakana na mto, barabara au nambari ya fulani, na mara nyingi ugomvi huisha hapo: mtu alikuwa anaonyeshwa ploti ya jirani.

Mpima wa kibinafsi ni gharama ya ngazi nyingine. Bei yake ni ya mapatano, hutegemea ukubwa, umbali na idadi ya mawe. Kabla ya kumlipa, uliza mambo matatu: je, ana leseni ya Bodi ya Wapima Ardhi, je, kazi yake itaingizwa katika rekodi za Upimaji au ni kuchomeka vigingi tu, na je, bei inajumuisha ripoti iliyotiwa sahihi na yeye kufika mahakamani ikihitajika? Anayekuja na kamba au simu yenye GPS kisha akakuachia vigingi vya mti amekuuzia maoni yake.

Lakini iwapo ugomvi ni wa mpaka wa mashamba yaliyosajiliwa, usimlipe mpima wala wakili kabla ya kumwandikia msajili wa ardhi. Sheria inazuia mahakama kusikiliza ugomvi wa mpaka kabla mipaka hiyo haijaamuliwa kwa utaratibu wa msajili. Msajili hutoa ilani kwa majirani wote, huja na mpima wa serikali, husikiliza pande zote pale pale shambani, huandika uamuzi na kuuweka kwenye rekodi. Hii ndiyo njia nafuu zaidi ya kujibu swali la kwanza, na ndiyo inayorukwa zaidi. Kung'oa jiwe au ua wa mpaka kwa makusudi ni kosa la jinai, hata kama unaamini uko upande wa haki.

Mkataba, muhuri wa chifu na kibali cha bodi

Tangu 2003 sheria ya mikataba inataka mauziano ya ardhi yawe ya maandishi, yenye sahihi za pande zote, na kila sahihi ishuhudiwe. Muhuri wa chifu kwenye mkataba ni ushahidi kwamba watu walikutana na pesa ikatajwa. Hauhamishi ardhi. Chifu wala mzee wa kijiji hana mamlaka ya kuamua nani ni mmiliki wa shamba lililosajiliwa.

Kinachofuata mkataba ndicho wengi hukiacha. Kwa shamba la kilimo, kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi kinapaswa kuombwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bila hicho mauzo ni batili, na haki ya msingi ya mnunuzi hubaki kudai pesa yake kama deni. Mahakama ya Rufaa imewahi kuwaokoa wanunuzi waliolipa na kukaa shambani bila kibali, lakini kutegemea huruma hiyo ni kununua kesi pamoja na shamba.

Hesabu ya kufanya mambo sawasawa haitishi. Ushuru wa stempu ni asilimia 2 ya thamani kwa ardhi ya mashambani na asilimia 4 kwa ardhi iliyo ndani ya manispaa. Kwa ploti ya shilingi 800,000, hiyo ni 16,000 nje ya manispaa, au 32,000 ndani yake. Ongeza sachi, bodi, na ada ya wakili, ambayo ina kiwango cha chini kilichowekwa kisheria. Mtake aiandike mapema. Linganisha jumla hiyo na miaka ya kupanda basi kwenda mahakamani Migori, na utaona kipi ni ghali.

Makaburi, miwa na majirani

Familia zisizo na karatasi hazina haja ya kukata tamaa. Kwa Mjaluo wa Kamagambo, kaburi la babu, gunda, yaani boma lililohamwa, ua wa mkonge au mnyaa uliopandwa na vizazi vilivyopita, ni rekodi. Mahakama inazipokea kama ushahidi wa kukaa na kutumia, na hakimu au jaji anaweza kutembelea shamba kuziona. Mikataba ya wakulima wa miwa na kiwanda, risiti za palizi, na picha za zamani zenye tarehe husaidia pia. Majirani wazee wasio na maslahi ndio mashahidi wazuri kuliko ndugu.

Ushahidi huu hubeba uzito mkubwa katika madai mawili. Dai la kwanza ni amana ya kimila. Mara nyingi wakati wa upimaji familia ilimwandikisha kaka mkubwa, au kijana aliyejua kusoma, kwa niaba ya wote. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba amana ya namna hiyo inamfunga aliyeandikwa hata kama haikuandikwa kwenye kadi. Mdai aonyeshe kwamba ardhi ilikuwa ya familia au ukoo kabla ya kusajiliwa, kwamba yeye ni wa familia hiyo na uhusiano wake si wa mbali, kwamba angeweza kuandikwa yeye lau si mazingira fulani, na kwamba anayemdai ni mtu wa familia au ukoo huo huo. Si lazima awe anakaa shambani.

Dai la pili ni la kukaa miaka 12 waziwazi, mfululizo na bila ruhusa ya mwenyewe. Hapa watu hujikwaa kwenye neno ruhusa. Jadak, yaani mgeni aliyekaribishwa na mzee alime na kujenga, hawezi kuhesabu miaka hiyo, kwa sababu alikaribishwa. Halafu dai hili halifunguliwi bila dondoo lililothibitishwa la rejista ya shamba, kwa hiyo tunarudi pale pale masijala.

Makaburi hayana nguvu dhidi ya mauzo halali yaliyofanywa na mzee mwenyewe akiwa hai. Kumzika mtu haraka shambani ili kupata ushahidi ni gharama ya mazishi juu ya gharama ya kesi, na mahakama inaweza kuamuru mwili ufukuliwe.

Jina lisilolingana na marehemu asiyehamisha

Hati nyingi za zamani zina jina moja au mawili ya Kijaluo, bila jina la ubatizo wala nambari ya kitambulisho. Kitambulisho kina majina matatu kwa tahajia nyingine. Likiwa hilo tu, hulipii kesi: hati ya kiapo kwa wakili, barua ya chifu na maombi kwa msajili ya kurekebisha rejista hutosha pale ambapo hakuna anayepinga. Akitokea mpinzani, ndipo mahakama inaingia.

Mwenye hati akiwa marehemu, hakuna mtoto, mjane wala kaka mwenye uwezo wa kuuza kabla ya mirathi. Kuingilia mali ya marehemu ni kosa, lenye faini ya hadi shilingi 10,000 au kifungo cha hadi mwaka mmoja, na ardhi haiuzwi kabla hati ya usimamizi haijathibitishwa. Utaratibu unaanza na barua ya chifu inayowataja warithi wote, tangazo la siku 30 kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, kisha kwa kawaida miezi 6 kabla ya uthibitisho. Anayekuuzia “kipande changu cha urithi” kabla ya hapo anakuuzia matumaini. Uhamisho kwa warithi, kwa bahati nzuri, hautozwi ushuru wa stempu.

Hati ikipotea, gharama ni ripoti ya polisi, hati ya kiapo na tangazo la siku 60 gazetini. Tangazo hilo ni la kusomwa na kila mtu: walaghai hudai hati ya mwenzako imepotea ili wapewe mpya. Ukiona nambari ya shamba lenu gazetini, peleka pingamizi kwa msajili kabla siku 60 hazijaisha.

Uende wapi?

Wazee na chifu. Bei ni ndogo, muda ni mfupi. Wanafaa kwa mipaka kati ya ndugu na kwa kukumbuka nani alikaribishwa na nani. Andikeni makubaliano na yatiwe sahihi na wote, wake na mabinti wakiwemo. Katiba ya 2010 haikubali mila inayomnyima mwanamke urithi. Makubaliano haya huwa na nguvu kamili yanapopelekwa masijala au kusajiliwa mahakamani.

Msajili wa ardhi. Ndiye wa mipaka, makosa ya tahajia na mazuio. Zuio huzuia shamba kuuzwa wakati mnagombana, na ni kinga ya bei ndogo kuliko amri ya mahakama. Ila ukiliweka bila sababu ya haki na mwenzako akapata hasara, utamlipa.

Usuluhishi wa mahakama. Kesi ikishafunguliwa inaweza kupelekwa kwa msuluhishi aliyesajiliwa, na kazi hupangwa kumalizika ndani ya takriban siku 60. Kwa ugomvi wa kifamilia, hii ndiyo thamani bora ya pesa niijuayo.

Mahakama ya hakimu, Rongo. Mahakimu walioidhinishwa husikiliza kesi za ardhi kwa kufuata thamani: kuanzia shilingi milioni 5 kwa hakimu mkazi hadi milioni 20 kwa hakimu mkuu. Ni karibu, mashahidi wazee hufika bila kulala njiani, na ada ni ndogo.

Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Migori au Homa Bay. Ni ya mashamba ya thamani kubwa, hati zenye chimbuko la shaka linalohusu ofisi za serikali, dai la miaka 12, na rufaa kutoka kwa hakimu, ambayo hukatwa ndani ya siku 30. Kwa kawaida anayeshindwa hulipa gharama za mshindi, ingawa kwa ndugu majaji mara nyingi huamuru kila mtu abebe zake.

Visa vinne, hesabu nne

Jirani amesogeza ua: nunua sachi na ramani ya masijala, mwandikie msajili. Usianze na wakili.

Kaka ameandikwa peke yake na anataka kuuza: nakala ya kadi ya kijani, zuio, kikao cha ukoo kilichoandikwa, kisha usuluhishi. Mahakama iwe hatua ya mwisho, kwa dai la amana.

Mgeni ameibuka na hati mpya: kadi, faili, zuio siku hiyo hiyo, ripoti kwa wapelelezi wa DCI, na wakili mara moja. Hapa kubana matumizi ni kujiponza. Thibitisha jina lake katika orodha ya Chama cha Mawakili nchini.

Ulinunua, muuzaji akafa kabla ya kuhamisha: usigombane na mjane shambani. Ingia katika mirathi kama mdai, ukiwa na mkataba, risiti za malipo na kibali cha bodi.

Asiye na uwezo anaweza kuomba Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Wanawake wanaonyang'anywa mashamba wanaweza pia kuiendea FIDA Kenya, yenye ofisi Kisumu, ambayo huwafundisha wateja kujitetea wenyewe.

Tukipima yote, kwa wakazi wengi wa Rongo pesa inayofanya kazi kubwa zaidi ni ya vitu vitatu: sachi ya leo, nakala iliyothibitishwa ya kadi ya kijani, na nakala ya ramani ya masijala. Vitatu hivyo hukuambia swali lako ni lipi, na vingine vyote hupata bei yake baada ya hapo. Waswahili walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kama shamba mnalolima bado liko kwa jina la mzee aliyefariki, msingoje mnunuzi wala mchimbaji dhahabu aje ndipo muulizane. Nendeni mkaanze mirathi sasa, wakati majirani wanaokumbuka mpaka bado wako hai.